MFANYA KAZI MPYA ASIUZWE NA WALIOTANGULIA



Safari hii twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni mkataba wa mtu anayeingia kazini kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tuliotangulia twaona shauri hili halituhusu. Sisi tumekwisha kuandikwa, tuna likizo yetu, na mshahara wetu umo katika mapatano ya chama. Mgeni na ajitafutie. Sisi twasema ya kwamba mawazo hayo ni ya hatari, maana mlango anaoingilia mgeni ndio mlango atakaotolewa mwenyeji.

Ili tueleweke tutatoa mfano wa mbali, yaani mpira wa Kiamerika. Mpira huo si kandanda tunayoijua, wala si raga, ijapokuwa wafanana na raga kwa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Tumeuchagua kwa sababu mikataba ya wachezaji wake yajulikana na watu wote, shilingi kwa shilingi, na kwa hiyo tajiri hawezi kuficha namna anavyofanya. Mwenye kutaka kujua ujanja wa mkataba na autazame pale unapofanywa mchana.

NAMNA WANAVYOANDIKWA KAZI

Ligi kuu ya mpira huo huko Marekani ina klabu 32. Kila mwaka mwezi wa Februari vijana waliomaliza kucheza katika vyuo hukusanywa katika mji wa Indianapolis. Hapo hupimwa urefu na uzito, huhesabiwa mbio zao za yadi 40, na hata upana wa viganja vyao hupimwa. Kijana wa Kipsongo ambaye nyapara amemtazama mabega langoni kabla ya kumwambia "wewe ingia, wewe rudi" hataona ajabu katika habari hii. Tofauti ni kwamba kule nyapara ana saa na utepe wa kupimia.

Mwezi wa Aprili klabu hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, mizunguko saba, na klabu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Desturi hii ilianza mwaka 1936. Kila mwaka huchaguliwa vijana 250 na ushee. Sasa sikilizeni vizuri: kijana hachagui tajiri wake, bali tajiri humchagua yeye. Akisha kuchaguliwa na klabu moja, nyingine zote 31 haziruhusiwi kusema naye. Akikataa, hana mahali pengine pa kwenda katika ligi ile. Itambidi akae bure angoje zamu ya mwaka ujao. Kibarua wetu, pamoja na taabu zake zote, akikataliwa katika lango la kwanza aweza kukimbilia lango la pili.

Akisha kuchaguliwa hupewa mkataba wa miaka minne. Kiasi cha fedha hakipatanwi sana, maana kimekwisha kupangwa kwa namba aliyochaguliwa: wa kwanza hupata nyingi, wa pili hupungua, na kuendelea hivyo mpaka wa mwisho. Wale wa mzunguko wa kwanza, klabu ina haki ya kuwazuia kwa mwaka wa tano ikipenda. Angalieni maneno hayo: klabu ikipenda. Mchezaji hana haki ya namna hiyo. Tena, hata akicheza vizuri kupita wote, mkataba wake hauruhusiwi kufunguliwa na kupatanwa upya mpaka amalize miaka mitatu ya ligi. Lakini akicheza vibaya au akiumia, klabu yaweza kumwacha, na zile fedha ambazo hazikuhakikishwa katika mkataba zapotea. Mkataba huo umemfunga mtu miguu yote miwili, na tajiri amefungwa mguu mmoja tu.

Wale wasiochaguliwa na mtu wanaweza kuandikwa na klabu yo yote kwa mkataba wa miaka mitatu. Na chini yao wako watu wa kikosi cha mazoezi. Hao hufanya mazoezi pamoja na wenzao na hulipwa kwa juma, na juma lo lote waweza kuambiwa wachukue vitu vyao waende. Hao ndio vibarua wa mchezo ule.

MKENYA MWENZETU ALIPITA HUKO

Msidhani hizi ni habari za watu wa ng'ambo peke yao. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga katika Afrika ya Kusini na New Zealand, alitia sahihi na klabu ya Indianapolis Colts. Hakupata kucheza mpira huo hata siku moja kabla ya hapo. Hakuchaguliwa katika zamu ya Aprili; aliingia kwa mlango wa nyuma, akawekwa katika kikosi cha mazoezi, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule akaingia uwanjani katika ligi yenyewe. Lilikuwa jambo la fahari kwa Kenya. Lakini kufika mwaka 2015 alikuwa amekwisha kuondoka katika klabu ile, na michezo aliyocheza yahesabika kwa vidole.

Hatusemi ya kwamba alidhulumiwa, na yaliyokuwa kati yake na klabu si shauri letu. Twasema tu ya kwamba mtu akiingia kwa mkataba wa namna hiyo, nguvu zake zote na sifa zake zote za zamani hazimwekei hata juma moja la amani. Na juu ya hayo yote, pensheni ya ligi ile humpata mtu aliyehesabiwa miaka mitatu ya ligi. Chama cha wachezaji wenyewe kimekuwa kikisema ya kwamba wastani wa maisha ya mchezaji katika ligi ni miaka mitatu na kidogo. Basi fikirini ni wangapi waliotolewa nje wakiwa wameukaribia mstari.

FEDHA ZAO NI NYINGI, LAKINI HESABU NI ILE ILE

Najua wako watakaosema, "Hao wote ni matajiri, kwa nini mwatuletea habari zao?" Ni kweli fedha zao ni nyingi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mchezaji mpya kilikuwa dola 840,000 kwa mwaka. Hakuna mtu Kitale wala Bungoma atakayewalilia. Lakini mwizi wa shilingi na mwizi wa laki wana mkono mmoja, na yafaa tuutazame mkono.

Chukueni mfano wa Brock Purdy. Mwaka 2022 alikuwa mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa, namba 262, na klabu ya San Francisco 49ers. Mkataba wake wa miaka minne ulikuwa kama dola milioni 3.7 kwa jumla. Kijana huyo akapata nafasi ya kuongoza timu, na mwezi wa Februari 2024 akaifikisha katika mchezo wa fainali ya taifa zima. Katika ligi ya mwaka 2023 mshahara wake ulikuwa dola 870,000. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Joe Burrow wa Cincinnati, mwenye kazi ile ile ya kuongoza timu, alitia sahihi mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 275, yaani milioni 55 kwa mwaka. Kazi moja, uwanja mmoja, hatari moja. Mmoja apata mara sitini ya mwenziwe, kwa sababu wa pili alikuwa mgeni aliyefungwa na karatasi. Purdy alipomaliza miaka yake mitatu, mwezi wa Mei 2025, klabu ilimwandikia mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 265. Ikiwa thamani yake ilikuwa hiyo, ile tofauti ya miaka ya nyuma iliingia mfuko wa nani? Na ikiwa angalivunjika bega kabla ya mwaka ule wa tatu kwisha, nani angalimlipa?

Kipsongo shauri hili lina sura nyingine tu. Watu wawili wabeba magunia ya mahindi yenye uzito mmoja kutoka ghala moja kwenda lori moja. Mmoja yumo katika mapatano ya chama. Mwingine ameambiwa yuko "katika majaribio", na majaribio hayo yamepita mavuno mawili. Gunia halijui nani mgeni na nani mwenyeji.

NANI ALIYETIA SAHIHI?

Sasa twafika mahali penye uchungu, na twaomba ndugu wazee wa chama watusikilize kwa saburi. Zamani mishahara ya wageni katika ligi ile haikuwa na ngazi kali kama sasa. Mwaka 2010 kijana wa kwanza kuchaguliwa, Sam Bradford, alipata mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, na katika hizo milioni 50 zilihakikishwa. Mwaka 2011 kijana wa kwanza kuchaguliwa, Cam Newton, alipata miaka minne kwa dola milioni 22 na kidogo. Katika mwaka mmoja bei ya mtu yule yule iliporomoka. Kulitokea nini?

Mwaka 2011 wenye klabu waliwafungia wachezaji milango kuanzia Machi 12 mpaka Julai 25. Katika kupatana, chama cha wachezaji kilikubali mambo mengi, na moja lilikuwa hilo la kuweka ngazi kali ya mishahara ya wageni. Haikuwa kwa bure. Wastaafu wa kabla ya mwaka 1993 waliwekewa mfuko wa dola milioni 620, na kima cha chini kikapandishwa. Wala si haki kusema ya kwamba wazee wale hawakuwa na hoja. Walisema: kwa nini kijana ambaye hajashika mpira hata mara moja katika ligi alipwe kuliko mtu aliyetoa damu yake kwa miaka minane? Mtu ye yote aliyefanya kazi muda mrefu ataielewa hoja hiyo, na sisi twaielewa.

Lakini ulizeni swali moja: wageni wa miaka iliyofuata walikuwa wapi wakati wa kupatana? Walikuwa bado wako vyuoni. Wengine walikuwa watoto wa shule. Hawakuwa wanachama, hawakuwa na kura, hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Mapatano yale yalikuwa ya miaka kumi. Na mwaka 2020 yalipokuja mapatano mengine ya kufikia mwaka 2030, wachezaji walipiga kura na yakapita kwa kura 1,019 dhidi ya 959, tofauti ya kura 60 tu. Ngazi ya wageni ikabaki mahali pake. Ni rahisi sana kutoa kitu cha mtu ambaye hayumo chumbani.

Wala si wachezaji peke yao. Mwaka 2007 chama kikubwa cha watengenezaji magari wa Marekani kilikubali mapatano na makampuni matatu ya Detroit ya kwamba wafanya kazi wapya waanze na dola 14 hivi kwa saa, hali wenzao wa zamani wapata kama 28. Watu wawili kwenye meza moja, mmoja nusu ya mwingine. Ugonjwa ule ulikaa ndani ya chama zaidi ya miaka 15, na katika mgomo wa mwaka 2023 moja ya madai makubwa lilikuwa kuondoa ngazi hizo. Walizipunguza, lakini angalieni ni mgomo wa namna gani uliohitajiwa ili kung'oa kilichopandwa kwa sahihi ya siku moja.

MZEE NAYE HUUMIA

Tena, aliyemwuza mgeni hujiuza mwenyewe baadaye. Katika ligi ile kila klabu ina kikomo cha mishahara, haiwezi kupita hapo. Mgeni akiwa rahisi, na mzee akiwa ghali, tajiri atafanya nini? Atamtazama mzee kwa jicho la kupunguza gharama. Mpaka mapatano yao yenyewe yameweka kifungu cha kwamba mchezaji wa miaka mingi anayelipwa kima cha chini cha daraja lake ahesabiwe katika kikomo kama mtu wa miaka miwili tu, ili klabu zisimkimbie kwa sababu ya miaka yake. Dawa hiyo yaonyesha ugonjwa ulikuwapo.

Hapa kwetu hakuna kikomo cha mishahara, lakini kuna tajiri mwenye kalamu na kitabu cha hesabu. Akiona vibarua kumi waweza kupalilia, kuvuna na kuchambua mbegu kwa bei ya wenye mkataba watano, mtu wa mkataba akistaafu hataandikwa mwingine mahali pake. Hivyo chama hupungua mtu mmoja mmoja, bila mgomo wala kufukuzwa kwa mtu, mpaka siku moja mwakilishi wetu aingie katika chumba cha kupatana na aulizwe, "Wewe wasema kwa niaba ya watu wangapi?"

SHERIA YASEMAJE?

Neno "kibarua" lenyewe asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili alipwe. Babu zetu katika mashamba ya walowezi wa Trans-Nzoia walifanya kazi kwa karatasi za namna hiyo, na kipande kikining'inia shingoni. Siku hizo sheria ilikuwa upande wa tajiri waziwazi. Leo sheria si ile, lakini ni kazi bure kama hatuijui.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kwamba majaribio yasizidi miezi sita. Yaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita, lakini ni kwa kukubali kwake mfanya kazi mwenyewe. Basi hakuna majaribio ya miaka miwili. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua ya kwamba hata mtu aliye katika majaribio asiachishwe kazi bila ya kusikilizwa.

Sheria hiyo hiyo yasema ya kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo ambayo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kumalizika kwa muda wa chini ya miezi mitatu, asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku. Na mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Tena mtu asiyejua kusoma, au asiyeijua lugha ya mkataba, lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapa Kipsongo, penye ndugu wengi waliotoka Turkana kwa sababu ya ukame, na majirani Wabukusu na wengineo, kifungu hicho si pambo. Ni wangapi wetu walioelezwa mkataba kwa Kiturkana au kwa Kibukusu kabla ya kuweka kidole gumba?

Twajua hila inayotumika: mtu afanya kazi majuma machache, asimamishwe siku kadhaa, kisha aandikwe tena kana kwamba ni mgeni. Ndiyo maana tunahimiza kila mtu aandike siku zake mwenyewe katika daftari, tarehe na kazi aliyoifanya. Daftari la senti chache laweza kusema mahakamani pale ambapo mdomo hausikilizwi.

TUFANYE NINI?

Twatoa mashauri haya, na twataka yajadiliwe katika mkutano wa tawi:

1. Mapatano yo yote yatakayotiwa sahihi na chama yasiwe na ngazi ya chini kwa watu wapya wanaofanya kazi ile ile. Kama kuna tofauti ya uzoefu, iandikwe muda wake wa mwisho, na muda huo uwe mfupi.

2. Kabla ya kupatana na tajiri, vibarua na watu wa majaribio waitwe mkutanoni wasikilizwe, hata kama bado hawajaanza kutoa ada ya chama.

3. Kila kazini awepo mwakilishi mmoja wa kuwapokea wageni siku ya kwanza, awasomee mkataba kwa lugha yao, na kuwaonyesha namna ya kuandika siku zao.

4. Mtu akitimiza siku zinazotakiwa na sheria, mwakilishi asingoje alalamike. Aende mwenyewe ofisini na daftari mkononi.

5. Tusikubali mapatano ya muda mrefu mno. Miaka kumi ni muda wa kutosha kwa mtoto wa darasa la tatu kuja kulipia kosa letu.

Ndugu zetu, wachezaji wa Marekani wana mawakili na mamilioni, na bado mgeni wao alifungwa kwa sahihi za watu wa upande wake mwenyewe. Sisi tusio na mawakili hatuna ngao nyingine ila kushikamana, na kushikamana hakuanzi na mwenye miaka ishirini ya kazi. Kunaanza na yule aliyesimama nje ya lango asubuhi ya leo. Mkutano wa tawi ukiitwa, kila mwanachama na aje pamoja na mtu mmoja asiye mwanachama.

Umoja ni nguvu.